Sifuri Iliyozikwa Kambini

Mwaka ule mvua ziliwahi kukoma, na nyasi za kiwanja cha kambi zilikuwa zimekwisha kugeuka rangi ya ganda la mkate. Vijana wa makanisa ya jirani walikusanyika hapo kwa wiki mbili za likizo, asubuhi kwa ibada na mafundisho, alasiri kwa mpira, jioni kwa nyimbo. Mmoja wao alikuwa na umri wa miaka kumi na sita, mrefu kama mlingoti, mwenye miguu ambayo ilikuwa haijazoea bado kumtii. Siku ya tatu, vita vya mito vilipopamba moto bwenini, aliruka kutoka kitanda cha juu kwenda kitanda cha juu cha pili. Alitua kwa kishindo, na chaga, zile mbao nyembamba zinazobeba godoro, zikaachia moja baada ya nyingine. Akashuka pamoja na godoro na mto wake mpaka kitanda cha chini, ambacho mwenye nacho, kwa rehema za Mungu, alikuwa amekwenda kuoga.

Siku hizo walikuwapo kambini wazee wa kujitolea, watu wa kanisa waliosafiri kila mwaka kwa gari la kanisa kutoka kambi hii hadi ile, wakikarabati bila malipo kilichoharibiwa na mvua, mchwa na vijana. Mkuu wao alikuwa seremala mwenye nyusi nyeupe, aliyeitwa Babu Randa kwa kuwa hakuonekana mahali pasipo randa yake ya kulainishia mbao.

"Nani amevunja?" aliuliza akiwa mlangoni.

Vijana wakatazama dari.

"Basi kimejivunja chenyewe, maskini. Kimechoshwa na dhambi za dunia."

Bweni zima likacheka, na yule kijana akacheka kuliko wote. Hicho ndicho kilichomponza.

"Haya, wewe unayecheka mpaka machozi, njoo. Mkono uliovunja ndio utakaounga."

Siku tatu, wenzake wakicheza mpira, yeye alishika mbao na misumari. Siku ya kwanza alijipiga kidole. Siku ya pili alijipiga kidole kilekile. Siku ya tatu aliweka patasi juu ya ubao pasipo kutazama vizuri, akaigonga kwa nyundo, na tepu ya chuma ya Babu Randa, iliyokuwa imelazwa hapo ikipima, ikakatika sentimita kumi za kwanza. Kijana akasubiri ngurumo. Mzee aliinama, akaokota kipande kilichokatika, akakitazama, kisha akakitia mfukoni.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alisema. "Sifuri imekufa, tuizike. Tangu leo anzia kumi, halafu ongeza kumi mbele. Ukitaka tisini, kata kwenye mia. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Babu."

"Basi tepu ni yako. Mimi mzee nitaisahau hesabu hiyo. Wewe uliyeivunja huwezi kuisahau."

Naye hakuisahau kwa miaka arobaini na saba.

Kijana akawa seremala. Alifungua karakana nyuma ya soko, chumba kimoja chenye dirisha moja, kilichonuka gundi na maranda, na humo akatengeneza milango, madawati na vitanda vya maharusi. Alimwoa binti aliyeongoza sauti ya pili katika kwaya, wakajaliwa watoto watatu. Kila mwaka alining'iniza mlangoni kibao kilichosema "Tumekwenda kambini," akapanda gari la kanisa pamoja na mkewe na sanduku lake la zana. Yeyote aliyeazima tepu yake alisikia sauti ikimfuata mgongoni: "Anzia kumi!" Hata wenzake wakaacha kumwita kwa jina lake, wakamwita Anziakumi, na watoto wa jirani walikua wakiamini kwamba hilo ndilo jina alilobatizwa nalo.

Kikundi kilibadilika kama vibadilikavyo vikundi vyote. Babu Randa alikwisha kupumzika kwa amani. Uongozi ulimwangukia mwalimu mkuu mstaafu, mpakaji rangi asiyechoka, aliyeitwa Mama Ngazi kwa sababu maagizo yake yote yalitoka juu. Jikoni alikuwa mke wa Anziakumi. Mabomba yalikuwa mikononi mwa kaka yake huyo mke, mtu mnene, mcheshi, aliyejulikana kwa wote kama Fundi Bomba; na kwa kuwa alikuwa shemeji yake Anziakumi, utani wao haukuwa na likizo.

Kitu kimoja hakikubadilika, nacho ni sheria ya Babu Randa. Alizoea kusema kwamba kosa la kwanza ni la mkono, na kosa la pili ni la macho. Fundi aliyekosea mara mbili katika mwaka mmoja aliweka msumeno chini, akahamia jikoni kumenya viazi, na hakurudi tena kwenye mbao. Babu Randa mwenyewe aliitii kabla ya mtu yeyote: siku alipokata mguu wa meza kwa makosa mara ya pili, alifunga aproni pasipo kuambiwa. Hakuna aliyeihesabu kuwa ni aibu. Hata hivyo Anziakumi aliiogopa siku hiyo kuliko alivyoogopa ugonjwa. Tangu ana miaka kumi na sita mikono yake haikuwahi kujifunza kukaa bure.

Alipotimiza miaka sitini na mitatu, kosa la kwanza lilikuja mapema. Katika kambi ya kwanza ya mwaka huo alipigilia komeo la mlango wa choo upande wa nje. Mchungaji aliingia kabla ya ibada. Msamaria mmoja aliyepita akauona mlango uko wazi kidogo, akaupiga komeo kwa nia njema. Waumini waliimba nyimbo tisa wakimsubiri mhubiri. Mama Ngazi alifungua daftari la kazi, akaandika: "Komeo. Kosa la kwanza."

"Shemeji," alisema Fundi Bomba, "angalau safari hii mahubiri yalikuwa mafupi."

Kambi ya pili ilikuwa ileile ya ujana wake. Bweni lilikuwa lilelile, na vitanda, baadhi yavyo vikiwa na misumari aliyoipinda yeye mwenyewe, vilikuwa vimefika mwisho. Walivitoa nje, mbao wakazirundika nyuma ya stoo ziwe kuni. Kazi ilikuwa kutengeneza vitanda sita vipya vya ghorofa, yaani malazi ya watoto kumi na wawili, ambao wangefika Ijumaa saa tisa alasiri.

Kabla ya safari, binti yake alimletea tepu mpya ya manjano, yenye kitufe cha kuirudisha ndani kwa mlio mtamu. Siku tatu Anziakumi aliitumia kwa furaha ya mtoto, akianzia sifuri kama watu wengine. Kwayo alipima fremu za vitanda: upana wa ndani, sentimita tisini kamili. Kisha Mama Ngazi akaja kuiazima apimie vioo vya madirisha, na fremu zikatolewa uani zipakwe rangi. Zikabaki mbao za chaga, na Fundi Bomba akisubiri na msumeno, kwa kuwa kazi yake ya mabomba ilikuwa imekwisha.

Mkono wa Anziakumi ukaingia mfukoni wenyewe, ukatoa tepu ya zamani. Akaivuta juu ya ubao wa kwanza, akatia alama ya penseli kwenye tisini.

"Kata hapa. Huo ndio uwe kigezo, mengine yote yapime kwa huo."

Ndivyo mafundi wafanyavyo, na ni utaratibu mzuri, ila kigezo kikipotoka, kinapotoka na kundi zima. Walikata chaga tisini na sita. Fundi Bomba aliimba muda wote, nje ya ufunguo.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana rangi ilikuwa imekauka. Waliingiza fremu ya kwanza bwenini, Anziakumi akachukua chaga moja, akailaza mahali pake. Ikapita katikati, ikaanguka sakafuni. Akachukua ya pili. Nayo ikaanguka. Fundi Bomba alitazama chaga, akatazama fremu, kisha akamtazama shemeji yake.

Mama Ngazi aliteremka kwenye ngazi yake dirishani, brashi mkononi.

"Fupi zote?"

"Zote," alisema Anziakumi.

"Kwa kiasi gani?"

Alijua kabla ya kupima. "Kumi."

"Nani amekata?"

"Mimi," alidakia Fundi Bomba. "Mimi ndiye niliyeshika msumeno. Nilikuwa naimba, mama, unajua nikiimba akili inahama."

"Na nani alikwambia mtu wa mabomba ashike msumeno?"

"Tamaa tu, mama. Andika jina langu. Sina kosa hata moja mwaka huu, nafasi ipo."

Mama Ngazi akavua miwani, akaifuta, akasema ataandika saa ya chai, maana alitaka kwanza kujua watoto kumi na wawili watalala juu ya nini. Anziakumi alitoka, akavuka uwanja mpaka jikoni, akaketi kwenye kigoda.

Mkewe alikuwa akipepeta unga. Alimtazama mara moja tu.

"Tepu ipi?"

"Ya zamani."

"Ukaanzia?"

Alitikisa kichwa. Mkewe akaweka ungo chini.

"Na kaka yangu amesemaje?"

"Amesema ni yeye."

"Huyo! Tangu utotoni akivunja kikombe anasema ni mimi, leo kavunja mwingine anasema ni yeye." Akacheka, kisha akafuta unga mikononi. "Mzee wangu, hapa jikoni pana nafasi. Visu viwili, sufuria ya viazi, na mimi. Usiingie humu kwa mlango wa nyuma tu."

Saa ya chai kikundi chote kilikuwa mezani, vikombe vya bati vikitoa mvuke. Mama Ngazi alifungua daftari. Kabla hajashusha kalamu, Anziakumi alisimama, akaweka tepu ya zamani katikati ya meza, kati ya sukari na mkate.

"Andika jina langu," alisema. "Alama niliiweka mimi. Kwa miaka arobaini na saba nimewapigia watu kelele waanzie kumi, na jana nikatia alama kwenye tisini kama mgeni. Fundi Bomba alikata palepale nilipomwonyesha."

"Shemeji, wewe nawe!" alisema Fundi Bomba. "Mtu anakubebea mzigo, unamnyang'anya njiani."

"Ulikuwa unaubeba vibaya."

Kicheko kikazunguka meza, na Mama Ngazi akaandika polepole, kwa mwandiko wake wa darasani: "Chaga. Kosa la pili." Hakuonekana kufurahi.

"Lakini msumeno nitauweka kesho," aliendelea Anziakumi. "Leo bado nina kazi. Nyuma ya stoo kuna mbao za vitanda vya zamani. Babu Randa alizichagua mwenyewe, na mchwa wamezionja wakazitema. Kila fremu tuifunge ubao mmoja kila upande kwa ndani, upana wa sentimita nane. Pengo litapungua, na chaga zetu fupi zitapata pa kulala."

Mama Ngazi alipiga hesabu pembeni ya daftari. "Nane na nane, kumi na sita. Linabaki pengo la sabini na nne, na chaga ni themanini. Sentimita tatu zinakaa huku, tatu kule."

"Kamili."

"Umepima?"

"Pima wewe," alisema, akamsukumia tepu ya manjano, iliyokuwa imekwisha kurudishwa.

Walifanya kazi mpaka jua likakaribia kuzama, wakaianza tena baada ya ibada ya asubuhi. Mbao za zamani zilirandwa zikawa nyekundu na safi kama jana yake zimekatwa. Katika ubao mmoja Anziakumi alikuta msumari uliopindishwa mara mbili, akautambua. Hakuung'oa, aliugonga ukalala, akaugeuzia upande wa ndani.

Ijumaa saa sita Fundi Bomba aliteuliwa kujaribu, kwa kuwa kitanda kitakachombeba yeye kitabeba mtoto yeyote. Alipanda kitanda cha juu kwa heshima zote, akajinyoosha, akaruka-ruka kwa makalio. Hapakulia kitu.

"Kinashikilia!" alitangaza. "Tena hakitikisiki. Makosa yako, shemeji, ni imara kuliko kazi yangu."

Watoto walifika saa tisa na robo, wakiwa na mabegi na kelele. Kabla ya saa kumi vita vya mito vilikuwa vimeanza. Anziakumi alisimama mlangoni akasikiliza, kisha akaenda kwenye sanduku la zana, akaufuta msumeno kwa kitambaa chenye mafuta, akaulaza chini kabisa, akafunga kifuniko. Mama Ngazi alikuwa amesimama karibu.

"Hakuna aliyekuharakisha, mzee."

"Najua. Ndiyo maana imekuwa rahisi."

Akaenda jikoni, akafunga aproni. Mkewe alilalamika jioni ileile kwamba viazi vyote vimekatwa vipande vya sentimita tatu, na kwamba hakuna aliyemwomba.

Mwaka uliofuata alikuwamo tena katika gari la kanisa, safari hii upande wa masufuria. Katika kambi ya pili, siku ya nne, mguu mmoja wa kigoda cha jikoni ulilegea. Mama Ngazi alipoingia kuomba maji ya moto, alimkuta amekipindua kigoda magotini, akichonga kabari ya mti kwa kisu cha mkate.

"Mzee! Sheria!"

"Sheria inataja msumeno, mama. Hiki kinakata mkate."

"Na kipimo?"

Alitoa tepu ya zamani mfukoni. "Nimeanzia kumi."

Mama Ngazi alikikalia kigoda. Hakikuyumba. Akafungua daftari na kuandika mstari ambao ndio wa mwisho unaomhusu Anziakumi: "Kigoda cha jikoni, mguu mmoja, kimetengenezwa. Msumeno haukutumika."