Shaabani Baada ya Ramadhani

Shule niliiacha kabla ya kumaliza kitabu cha pili, na sikuikosa. Miaka ya tisini ilinikuta na mashua zangu Mtongwe, nyumba ya mawe mtaa wa Shika Adabu, na uenyekiti wa wavuvi. Mtu mwenye hayo yote huanza kudhani anajua na asiyoyajua.

Wakati huo maofisa wa serikali walisema watajenga ghala la barafu kwenye bandari moja tu ya wavuvi upande wetu. Lingepewa wale watakaoonyesha kuwa wanapata samaki mwaka mzima. Tulilihitaji mno. Samaki asiyenunuliwa asubuhi, mchana alikuwa wa paka.

Binti mmoja wa Jomvu Kuu, msomi wa takwimu, alikuwa amepima samaki wetu mwaka mzima kwa utafiti wake. Uzito wote aliuingiza kwenye kompyuta kwa lugha ya takwimu: unaiandikia amri, nayo inakupigia hesabu. Nikamwendea.

"Maofisa hawaijui lugha hii, babu," akasema. "Wao wana programu ya majedwali, ile ya vyumba vyumba. Nitawahamishia huko kwa disketi. Miezi niandike Januari, Februari?"

"Sisi hatuvui kwa Januari. Andika miezi yetu ya Kiislamu: mfungo mosi unaofuata Ramadhani, mfungo pili, mpaka Ramadhani tena."

"Basi kabla sijahamisha, nikipe kila mwezi nambari yake. Mashine haijui kama mosi hutangulia pili. Isipoambiwa, hupanga majina kwa alfabeti."

"Mwezi una jina," nikamwambia. "Nambari hupewa wafungwa."

"Haya, babu," akajibu, kwa sauti ile ya mjukuu aliyekwisha kuchoka nawe. Akahamisha kama nilivyotaka.

Siku ya mkutano nilivaa kanzu iliyopigwa pasi, nikashika fimbo ya kuonyeshea, nikasimama kando ya kompyuta. Miwani ilikuwa mfukoni. Sikuivaa, kwa sababu niliona inampunguza mwenyekiti. Ofisa, mtu wa bara, akafungua jedwali na mchoro wake. Mstari ulikuwa kama meno ya papa.

"Kama mnavyoona," nikasema, "samaki wetu wanakuja kwa utaratibu."

"Utaratibu gani, mzee?" akauliza ofisa. "Mwezi huu wamejaa, mwezi ujao hakuna. Tukiwajengea ghala, nusu ya mwaka litalala tupu."

Hapo nikaona barafu yetu inayeyuka kabla haijagandishwa. Mama mmoja muuza samaki wa kukaanga, mteja wangu wa miaka, akasogea mbele.

"Mwenyekiti, hebu soma hapo chini. Mwaka wako unaanza mfungo kenda, mwezi wa tisa?"

Watu wakaanza kucheka.

"Na huko mwisho umefunga Ramadhani kwanza, ndipo Shaabani ikaingia. Idi ulisali na nani, mwenzetu?"

Nikavaa miwani. Wallahi, ilikuwa kenda, mosi, nane, nne. Mashine ilikuwa imefanya vile vile nilivyoambiwa itafanya.

Ofisa akasema mistari ya jedwali inaweza kuhamishwa, ila yeye miezi hiyo haijui. Nikakohoa ili nimtajie, lakini yule mama alikwisha kuanza: mosi, pili, tatu. Ofisa akahamisha mmoja mmoja. Mimi nikabaki nimesimama na fimbo yangu, kama mtoto aliyeadhibiwa na mwalimu akasahauliwa hapo. Walipofika Ramadhani, mstari wa mchoro ulikuwa umetulia. Ulipanda polepole, ukashuka polepole, na hakuna mahali ulipogusa chini.

Ghala tukapewa. Siku ya kulifungua nilihutubia mpaka barafu ya kwanza ikaanza kutoa maji. Binti wa Jomvu Kuu akaleta mchoro mpya, akaubandika mlangoni. Kila mwezi ulikuwa na nambari yake, kubwa, nyeusi, ya kusomeka bila miwani.

Hata leo nikipita pale, kina mama huniamkia vizuri sana.

"Shikamoo, mwenyekiti. Shaabani imefika?"

"Marahaba," najibu, kisha naendelea na safari yangu.