Vigingi Vilivyoota Majani

Mimi ndiye niliyevihamisha vile vigingi. Naanza na hilo kabla ujasiri haujaniishia, maana ninyi wasomaji wa gazeti hili la ukutani mmezoea niwachekeshe, na leo sina hakika kama nitaweza. Jumatatu ya juma lililopita tulitangaziwa mstarini kwamba bwana misitu aliyeupima mlima wa kijijini kwetu, yule mrefu wa kutoka mikoa ya kusini, aliyevaa kofia ya sufu hata juani, amefariki kwa homa huko Kibondo alikohamishiwa. Mimi nilikuwa zamu ya bendera. Kamba ilibaki mkononi na bendera ikabaki katikati ya mlingoti, hadi kiranja akanifinya.

Mlima wetu uko njia ya Titye. Mwaka ule mvua ilinyesha juma zima, na asubuhi moja ukungu ulipopanda tukaona ubavu mzima umeteremka na mihogo yake, taratibu, kama mtu anayeshuka kitandani bado ana usingizi. Nyumba tatu zilifunikwa. Wilaya ikaamua kuyanunua mashamba yote ya mteremkoni: watu walipwe fidia ya mazao yao, mlima uachiwe miti. Bwana misitu akaja kuweka mpaka, akatuomba vijana tumkatie vigingi vya mti mkavu. Mti mkavu ulikuwa mbali. Mimi nikakata matawi mabichi ya mti wa muvumu yaliyokuwa kando ya njia, yeye akayachomeka, kisha akaenda kula ugali kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Hapo ndipo nilipopata wazo. Nikavishusha vigingi vitatu hatua ishirini, ili choo cha balozi kiingie ndani ya hifadhi. Nilitaka tu kuona serikali ikinunua choo.

Jioni kamba ilivutwa kutoka kigingi hadi kigingi, na choo kikaingia kweli. Ila kamba haina utani: iliiingiza hifadhini na migomba ya mama. Migomba hiyo mama aliibeba kichwani ikiwa machipukizi, siku tulipovuka mpaka kutoka Burundi. Hatukuwa na kitu kingine chenye mizizi katika nchi hii. Nikajiambia kesho nitavirudisha. Kesho ikanyesha, keshokutwa nikaogopa, na baada ya wiki mbili vigingi vilikuwa na majani.

Kwa wale mliotoka mikoa mingine: muvumu ukishika mizizi mpakani, wazee wa Kiha hawaruhusu ung'olewe. Umekwisha kuwa mpaka. Bwana misitu alinikuta nikichunga mbuzi.

"Kijana, vigingi vyangu vimeota miguu kabla ya majani?"

"Labda vimeuogopa mlima, bwana misitu."

Akacheka hadi akavua kofia. Halafu akaitazama migomba ya mama, akanitazama mimi, akangoja. Mimi nikawafokea mbuzi ambao hawakuwa wamefanya kosa lolote.

Mkutanoni ofisa wa wilaya akauliza nani kaharibu mstari. Balozi akaja juu: "Choo changu kiko msituni! Nikibanwa nikaombe kibali Kasulu?" Watu wakaangua kicheko. Bwana misitu akasimama na kusema, "Nilikosea kuhesabu hatua." Akaomba vigingi ving'olewe apime upya, mzee mmoja akajibu, "Atakayevigusa aanze na mkono wangu." Ikaisha hivyo. Mama akapewa fidia na kipande cha bondeni, akaanza upya na machipukizi. Bwana misitu tukampachika jina la Bwana Hatua. Kila alipopita tulimfuata nyuma tukihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, saba! Kiongozi wa kwaya hiyo mnamjua.

Nikiwa likizo hupanda kule. Vigingi sasa vinanizidi kimo, na ukungu ukipita kati yake vinaonekana kama wanafunzi waliopanga mstari wakingoja kuitwa majina. Matuta ya zamani yamelala chini ya nyasi, na udongo, ambao siku ile ulitembea, umetulia kana kwamba unasikiliza. Nawaza juu ya kazi ya mtu kama yule: anakuja asikokuwa na ndugu, anachora mstari, anabebeshwa kosa, anahamishwa, na kijiji kinalala salama bila kukumbuka hata jina lake. Nilidhani utani ni kitu cha kutupa hewani kikapotea. Huu wangu umeota mizizi na siwezi tena kuurudisha mahali pake. Nilichobakiwa nacho ni kusema ni wa nani.

Jumamosi nikaenda nyumbani nikamweleza mama yote. Alikuwa akimenya ndizi, wala hakuacha kumenya.

"Nilikuona siku ile ile," alisema. "Naye bwana misitu alijua. Tulikuwa wawili tunakungoja useme, mwanangu. Juma hili nilikuwa nakungoja peke yangu."