Koti Niliyoombea Fete

Hii habari nilikataa kuisema miaka mingi, na kama leo ninaisema ni juu mimi mwenyewe nimezeeka na haya yenyewe imezeeka pamoja na mimi, lakini hata sasa nikipita mbele ya ile nyumba ya baraza pale Bunia ninageuzaka uso upande wa pili kama mutu anatafuta duka. Nilisimama mule ndani na singileti ya matundu, saa ine ya asubui, mbele ya makonseye saba, wakubwa wa baraza, na watu wa avenyi yetu yote, ile barabara ya nyumba zetu, na hakuna mutu alinivua nguo kwa nguvu. Nilijivua mwenyewe, kifungo kimoja kimoja.

Ilikuwa miaka ya Zaire, wakati tai ilikatazwa na kila mwanaume mwenye kutaka heshima alivaa abakosti, ile koti ya kufunga mpaka juu, na kila mutu aliitwa sitwayeni, ndio kusema raia, hata muuza makala. Mimi nilikuwa fundi wa kushona kule Mudzipela, mutaa mumoja wa Bunia. Nilikuwa nimetoka Butembo na mashini yangu moja, nikapata chumba, nikaweka mashini chini ya dirisha, na kwa miaka miwili nilishonea watu wote wa Bunia abakosti bila kuwa nayo mwenyewe (mutanicheka, lakini ni hivyo, mafundi ndio watu wenye kuvaa vibaya kabisa).

Sasa, avenyi yetu iko kwenye mutelemuko. Juu tulikaa siye wa kutoka Butembo na Beni, chini walikaa watu wa Mahagi, na kila mvua ikinyesha maji ya juu ilishuka na takataka yetu yote ikaingia kwao. Walitutukana, na siye tukawatukana, watoto wetu wakatupiana mawe, mpaka siku moja maji iliangusha ukuta ya jiko ya Mama Nyanga, mujane mumoja wa chini, sufuria zake zikaenda mpaka mutoni. Hapo haya ikatukamata. Papa Openji, muzee wa Mahagi mwenye alikuwa shefu ya avenyi, akapanda mpaka kwetu, akakaa kwenye kiti bila kualikwa, akasema, "Tuchimbe mufereji pamoja, ao tuhame wote." Tukachimba. Kila Jumamosi, wakati wa salongo, ile kazi ya lazima ya watu wote, juu na chini pamoja, miezi tatu, kisha tukajenga na daraja ya mbao, tukajenga tena jiko ya Mama Nyanga. Ilipoisha, wamama ndio walisema lazima kuwe fete, sherehe ya wote. Kufunga avenyi siku moja, kutoa meza inje, wa chini walete samaki yao ya ziwa, siye tulete sombe ya majani ya muhogo na pombe ya ndizi, watu wale pamoja kwa mara ya kwanza.

Lakini kufunga avenyi ilihitaji ruhusa ya baraza, na baraza ilikuwa imekataza fete zote za barabarani, juu mwaka wa nyuma yake kwenye avenyi ingine watu walikuwa wamepigana na viti. Prezida wa baraza alikuwa mupya, mutu mukali, wengi walikuwa hawajamuona, tulijua ukali wake kwa habari tu. Wakatafuta mutu wa kwenda kusema kwa jina ya avenyi. Papa Openji alikataa, akasema akisimama mbele ya wakubwa magoti yake inasahau kazi. Wakanichagua mimi, juu nilikuwa ninajua Kifaransa kidogo, na juu ninaongea sana, ile munaiona wenyewe.

Usiku huo huo, hapana, ngoja, ilikuwa kesho yake asubui, nikatazama nguo zangu. Shati mbili. Moja ilikuwa na alama ya pasi mugongoni, ya pili ilikuwa imefuliwa na haijakauka. Na pale kwenye musumari, mbele ya macho yangu, ilikuwa inaninginia abakosti ya rangi ya majani, kitambaa kizuri kabisa, vifungo vya pembe ya ngombe.

Ile koti niliiletewa na mama mumoja wa upande wa vile, katikati ya muji, mutu wa upole, alijiita Mama Vero tu. Alikuwa amekuja na koti ndani ya kikapo, chini ya matembele, akasema na sauti ya chini, "Fundi, ni ya bwana yangu. Haifungi tena. Yeye anasema ni kitambaa kimerudi kwa kufuliwa, na mimi ninamuitikia. Umupanulie vidole vine, kila upande viwili, lakini isionekane. Avae, ifunge, afurahi. Asijue."

Ninyi, hiyo ni mapendo. Nilifanya ile kazi kwa roho yote, hata fundi mwenzangu hangeona. Ilibaki yeye kuja kuichukua tu. Nikasema ndani yangu: masaa mawili tu, fundi, uvae, usemee avenyi, urudishe kwenye musumari, koti haina mudomo. Nikavaa juu ya singileti (abakosti ikifungwa mpaka juu, nani atajua kuko nini chini). Ilikuwa kubwa, juu mimi nilikuwa mwembamba kama sindano na nilikuwa nimeipanua kwa mikono yangu mwenyewe, basi nikamuita jirani anikaze kwa nyuma na pini. Pini saba. Kwa mbele nilikuwa mukubwa wa serikali, kwa nyuma nilikuwa nungunungu.

Tukaingia kwenye baraza. Makonseye sita walikuwa wamekaa nyuma ya meza ndefu, sekretere na buku yake pembeni, na kiti ya katikati ilikuwa wazi. Watu wa avenyi walijaa kwenye mabenchi, wa juu na wa chini, wamechanganyika, Mama Nyanga mbele kabisa. Kisha prezida akaingia, mutu wa tumbo, amevaa shati ya mikono mifupi. Akaomba musamaha kwa makonseye. Akasema amechelewa juu alikuwa anatafuta abakosti yake nyumba nzima, na bibi yake anamuambia labda iko kwa dobi.

Mukiniuliza kama pale nilielewa, ninawaambia hapana. Kichwa yangu ilikuwa imejaa Kifaransa.

Nikasimama, nikainama kwa heshima, pini mbili zikaniingia, nikanyooka haraka, nikaanza. Na niliongea vizuri, Papa Openji mwenyewe alikubali kisha. Nilisema juu ya mufereji, juu ya jiko, juu ya miezi tatu, nikasema hatuombi kucheza tu, tunaomba kula pamoja siye wenye tulikuwa tunatupiana mawe. Konseye mumoja alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali. Lakini prezida hakuwa ananitazama uso. Alikuwa anatazama kifua yangu.

"Sitwayeni," akasema, "hiyo koti ulitoa wapi?"

"Nimeishona mwenyewe, Sitwayeni Prezida. Mimi ni fundi."

"Na vifungo?"

"Nilivinunua sokoni."

"Sogea karibu."

Nikasogea. Akanyoosha kidole, akagusa kifungo cha tatu, chenye ufa mudogo, akasema pole pole, kama mutu anaongea na mugonjwa, "Weka mukono mufukoni ya ndani."

Sasa, fundi yeyote anajua kwamba kazi ya kwanza, mbele ya mukasi, ni kutoa vitu mufukoni ya nguo ya watu. Mimi nilikuwa nimesikia kitu kigumu mule, nikafikiri ni kitambaa ya kukaza. Nikaingiza mukono, nikatoa karte ya kitambulisho. Juu yake kulikuwa foto. Nikatazama foto, nikatazama prezida, nikatazama tena foto, na ninafikiri nilifanya hivyo mara ine, juu konseye mumoja akasema, "Ni yeye. Inatosha."

Kisha konseye wa mwisho wa meza, mwenye alikuwa hataki fete tangu mwanzo, akasema, "Avenyi inatutumia mwizi aje aombe ruhusa." Nikasikia Mama Nyanga anavuta pumuzi nyuma yangu. Na hapo ndipo niliona kama si mimi tu ninaanguka, ninaangusha na jiko yake, na mufereji, na samaki, na kila kitu. Nikaogopa. Na mutu mwenye kuogopa anasema kweli mbele hajafikiri.

"Sikuiba," nikasema. "Bibi yako aliniletea niipanue. Vidole vine."

Ninawaambia, kulikuwa watu kama makumi tano mule ndani, na wote, makonseye, sekretere, shefu ya avenyi, wote kwa mara moja walitazama tumbo ya prezida. Hata yeye aliitazama. Mutu mumoja nyuma akakohoa kikohozi chenye hakikuwa kikohozi, mwingine akaficha uso ndani ya kitambaa, na kisha baraza nzima ikapasuka kwa kucheka, mpaka sekretere akaangusha kalamu.

Prezida hakucheka. Akangoja wanyamaze. Akasema, "Vua."

"Sitwayeni Prezida, chini yake sina..."

"Vua."

Basi nikavua. Singileti yangu ilikuwa na matundu tatu, moja kubwa hapa kwenye kitovu. Watu wa nyuma walisaidia kutoa pini, mikono ya wa juu na ya wa chini pamoja, nikampa prezida koti yake kwa mikono miwili. Akavaa. Akafunga kifungo cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka juu. Ilimukaa sawa kabisa. Akashusha mikono juu ya kitambaa, akainua mabega, na niliona, kwa kitambo kidogo tu, uso wake ukilegea kama wa mutu amekunywa maji baridi. Kisha akakumbuka kuwa mukali.

"Tumalize," akasema. "Wenye kukubali fete wainue mikono."

Mikono tatu ikainuka. Tatu kwa makonseye saba. Nikafunga macho. Na prezida, mwenye mikono yake yote miwili ilikuwa mezani, akaegemea nyuma ya kiti yake kwa raha.

Tulikuwa tumetoa pini sita.

Aliruka, ninyi. Alisimama na mukono ya kuume ukapanda mpaka juu ya kichwa, bila neno, macho wazi. Sekretere, mutu wa kazi, hakuinua hata uso kwenye buku. Akasema, "Prezida, ine. Imepita," akaandika. Makonseye wakampigia mikono, mabenchi yakapiga vigelegele, Mama Nyanga akalia. Prezida akabaki amesimama na mukono juu. Angeweza kusema. Lakini angesema nini, kwamba amechomwa mugongoni na pini ya koti yenye imepanuliwa? Akashusha mukono pole pole. Akanitazama.

"Ruhusa imetolewa," akasema. "Mpaka saa kumi na mbili ya magaribi. Na fundi huyu ndiye atalinda bariyeri, tangu asubui mpaka mwisho. Asiache hata dakika moja."

Ndiyo namna nilipata fete na sikula fete. Siku ile avenyi ilifungwa na muti mumoja mulefu, na mimi kando yake, ninarudisha malori ya kwenda Nizi, mashoferi wananitukana mama yangu na bibi yangu wa kuzaa mama, na kule chini ninaona meza, ninasikia harufu ya samaki, ninaona Papa Openji anacheza na magoti yake inakumbuka kazi vizuri sana. Kila mutu mwenye alipita alinisalimia, "Fundi, vidole vine." Mpaka leo kuko watu Mudzipela wananiita hivyo.

Karibu saa tisa Mama Vero akafika kwa mguu, amevaa vikwembe vipya, amealikwa na wamama. Peke yake. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya musamaha wiki nzima. Nikainua muti apite. Hakupita.

"Anaivaa?" nikauliza, juu nilikosa ingine.

"Hapana. Ameifunga ndani ya sanduku. Anakula bugali nusu, na hasemi na mimi." Akashika muti na mukono mumoja. "Miaka makumi mbili ninamufichia vitu vya kumuumiza, fundi, vidogo vidogo. Weye ulikuwa na maneno mawili ya kusema siku ile. Useme umeiba, ao useme bwana yangu amenenepa."

"Ndiyo, mama."

"Ungesema umeiba," akasema, na akapita kwenda kula.

Tangu siku ile sijavaa nguo ya mutu, hata kofia, hata kwa kujaribu kama imekaa sawa. Nguo ikiingia kwangu ninageuza mifuko yote inje mbele ya mwenyewe, na mwanamuke akiniambia ni ya bwana yake na asijue, ninamuomba airudishe kwao. Wananiona fundi mwenye kiburi. Waache. Kushona ninajua, kunyamaza ndiyo nilishindwa.