Rangi Iliyomtoa Mama Mkwe Jikoni

Mama mkwe alihamia kwetu Nyamira kutoka Nyacheki wakati miguu ilipomshinda kupanda na kushuka kwenye shamba la majani chai. Tulimpa chumba cha karibu na bafu, nami nikajitahidi ajione yuko kwake. Lakini sebuleni hakutulia. Nikimkaribisha, alikaa kidogo akitazama sakafu, kisha akainuka polepole kwenda jikoni, kwenye kigoda kando ya sufuria zangu. Chai alinywea huko. Hata Sabato, wageni wa kanisa walipojaa kwenye makochi, yeye alikuwa jikoni.

Karibu mwaka mzima niliamini kwamba hajanikubali. Sikumwambia mume wangu. Nilifua vitambaa vya makochi, nikabadilisha mapazia, nikanunua mto mpya. Hakuna kilichosaidia.

Kisha mvua ikapenya darini na kuacha doa kubwa la manjano ukutani. Ikabidi tupake rangi upya. Kuta zote za sebule zilikuwa nyeupe, za rangi ya mafuta inayong'aa. Dukani, kwenye kadi ya rangi, nilipenda moja tu: buluu iliyokolea inayoelekea kijani, kama shingo ya jogoo mweusi jua likimpiga. Mume wangu akauliza kama nataka tuishi pangoni. Fundi, mzee mmoja wa Marani, aliniuliza mara mbili kama sijakosea namba, kwa kuwa watu wa huku hupenda krimu. Nikamwambia apake, na aipake ile isiyong'aa.

Alipiga msasa siku ya kwanza, akapaka mara mbili siku ya pili. Nilirudi kutoka kazini nikiwa na wasiwasi. Sebule ilikuwa imetulia kabisa. Madirisha yalionekana makubwa kuliko zamani, na migomba ya nje ilikuwa kama picha iliyotundikwa.

Kesho yake mchana nilimkuta mama mkwe kwenye kochi, peke yake, kikombe mkononi. Nilisimama mlangoni.

"Leo macho yangu yamepumzika," akasema. "Ule weupe ulikuwa unanichoma. Jua likiupiga, machozi yalinitoka."

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ni nyumba yako. Niliogopa utasema nimekuja kuikataa."

Nikaketi karibu naye. Nilimweleza nami nilivyodhani, kwamba anayekataliwa ni mimi. Alicheka kidogo, kisha akanishika mkono. Sikuutoa.

Wiki iliyofuata nilimpeleka kwa daktari wa macho. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Walimfanyia upasuaji, kwanza jicho la kulia, baadaye la kushoto, na sasa anajisomea Biblia bila kuomba msaada. Daktari alituambia tumekuja kwa wakati. Namshukuru Mungu kwa hilo kila nikimwona amekaa pale akichambua maharagwe, na kwa lile doa la mvua pia, ingawa nililinung'unikia sana.

Fundi alipoitwa tena kupaka chumba cha mama mkwe, mimi nilikuwa kazini. Nilisikia baadaye kwamba alimpendekezea krimu, na mama mkwe akampeleka sebuleni, akamwonyesha ukuta, akamwambia anataka hii hii.