Fomu ya Bima Yageuka Kola ya Shati

Saa mbili asubuhi, barazani kwake, fundi cherehani wa miaka sitini anainua uzi mbele ya jicho la kulia, analifumba la kushoto, kisha analisaka tundu la sindano. Anakosa. Analamba uzi, anajaribu tena, anakosa tena. Mara ya nne anasalimu amri.

"Baba watoto, njoo unitungie."

Mumewe, dereva mstaafu, anaacha chai yake na kutunga uzi. Siku hizi hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza kila asubuhi.

Mtaani wanamwita Bi Sindano. Kwa miaka thelathini na moja alishona mashuka ya wodi na magauni ya chumba cha upasuaji katika hospitali ya serikali. Alistaafu miezi saba iliyopita akiwa na kadi ya bima ya wastaafu, cherehani yake, na mtoto wa jicho pande zote mbili. Daktari amemwambia asipopasuliwa, mwakani hataiona hata hiyo cherehani.

Hapo ndipo kizungumkuti kilipoanza. Bima ya serikali hulipa sehemu nane kati ya kumi za gharama za upasuaji. Mbili zinazobaki ni za mgonjwa, na kwa Bi Sindano hizo mbili ni mapato ya ushonaji ya miezi mitano. Kampuni moja binafsi inauza bima ya nyongeza ya kuziba pengo hilo. Mstaafu akijiunga ndani ya miezi sita tangu astaafu, anapokelewa hivyo hivyo na maradhi yake. Akichelewa anapimwa kwanza, na mwenye mtoto wa jicho hukataliwa.

"Kila aliyenieleza aliniacha gizani zaidi," anasema, akicheka kwa uchovu. "Binti yangu alisema hii mpya inaongezewa juu ya ile ya serikali. Shemeji akasema ukichukua mpya, ya zamani inakufa. Basi nikaenda kuirudisha kadi ya serikali! Wakanirudisha nayo: 'Mama, bila hii, hiyo nyingine haina kazi.'"

Wakala wa kampuni hiyo alikuwa amemletea vijitabu vinne na fomu moja. Binti akaijaza, na wiki tatu zikaishia kutafuta muhuri wa hospitali. Bi Sindano akaiweka mahali anapoweka karatasi zote: kwenye rundo la magazeti ya zamani anayokatia vipimo vya nguo. Lo! Mkono uliozoea mkasi hauulizi. Jumatano, siku mbili kabla ya muda kwisha, aliitandaza mezani akakatia kola ya shati la mteja.

"Mume wangu ndiye aliyeona. Akaniuliza, 'Mke wangu, mbona kola ina muhuri?'"

Anakiri kwamba alilia. Kisha akafanya analolijua: mumewe akatunga uzi, naye akaishona fomu kipande kwa kipande, kwa mishono midogo ya kubahatisha, vidole vikiongoza pale macho yalipogoma.

Ijumaa, karani wa kampuni aliigeuzageuza ile fomu.

"Mama, hii imefanyaje?"

"Imefanyiwa upasuaji, mwanangu."

Karani alicheka hadi akavua miwani. Muhuri ulisomeka, sahihi ilisomeka, akaipokea. Alipomuuliza anataka mpango wa kwanza au wa pili, Bi Sindano alijibu kwamba anataka ule unaofungua macho.

Kadi ya pili imefika juzi. Mpaka leo hajui ipi inatangulia dirishani, kwa hiyo amezifunga pamoja kwa uzi mweusi ili zitolewe zote kwa mpigo. Jicho la kulia litapasuliwa mwezi ujao.

"Ukiniuliza nimenunua nini hasa, sijui," anasema, akipapasa kadi zake. "Wanifungue jicho kwanza. Siku hiyo nitatunga uzi mwenyewe, huyu mzee anywe chai yake ikiwa bado moto. Halafu nitakaa chini, nisome nilichosaini."