Munara ya Limete ndani ya Biblia ya mama mukubwa

Wakuu, jambo yenu bote humu.

Hii nitaelezea imenipata miye mwenyewe, na chumvi sikuongeza. Mwenye ataona ni uongo apite tu, hatutagombana.

Miye ni mama wa Butembo, commune ya Mususa, nashonaka nguo. Kazi yangu ingine, ile inafanya banizarau ku nyumba, ni kukusanya picha za zamani: cartes postales (zile kadi za posta), kalendriye, kurasa za magazeti, zote zenye kuonyesha majengo ya kubwa ya inchi yetu. Gare ya Kinshasa, kule treni inasimamaka, kanisa kubwa ya Kisangani, poste ya Lubumbashi, na zile sanamu za ku barabara.

Bwana yangu ananichekaka: "Weye unachunga manyumba ya karatasi, na yetu inavuya!"

Lakini muangalie vizuri. Siye batu ya huku tunajua Kampala. Bacommerçants yetu banajua Dubai na Chine kama njia ya soko. Lakini Kinshasa? Barabara haiko, na ndege si ya kila mutu. Miye nimeshakuwa mama muzima na sijafika ku capitale ya inchi yangu. Njo maana naipendaka ku karatasi.

Kitu moya ilikuwa inanipita kila mara: ule munara wa Limete, ku Échangeur, kule barabara kubwa za Kinshasa zinakutana. Nikipata picha yake, ama imepasuka, ama maji imeikula.

Basi, kuna safari nilienda Beni, commune ya Mulekera, kusalimia dada mukubwa ya mama yangu. Tunamwitaka Mama Kyakimwa. Ni mama wa kanisa, analima, na maneno yake si mingi.

Mutoto wake Kasereka alienda Kinshasa kutafuta maisha. Mwanzo alikuwa anapiga simu, anasema anaikala karibu na ule munara wa Limete. Kisha simu ikanyamaza. Ni miaka sasa namba yake haipite, na hakuna mutu mwenye kuleta habari yake.

Nilibeba na album yangu mu sac, juu ku Beni napatakaka batu ya kubadilishana nabo picha.

Tulikuwa tunakunywa chai, nikaona Biblia yake ku meza.

Hapa nifasirie kidogo. Kwetu kalendriye haitupwake. Mwaka ikiisha, tunafunika nayo cahiers ya masomo ya batoto na buku ya kanisa. Upande ya picha njo inabakiaka inje, juu inangaa na haiogope mvua. Biblia ya mama mukubwa ilifunikwa kinyume: upande mweupe inje, umekuwa mweusi juu ya kushikwa-shikwa na mikono, na picha ndani. Nikajiambia huyu mama anapata haya kuingia kanisani na picha ya dunia.

Ku kona karatasi ilikuwa imepasuka kidogo. Nikachungulia.

Yesu wangu! Ncha ya munara!

"Mama mukubwa, ulificha picha juu ya kuogopa bakristo benzako?"

Akacheka. "Hapana, siifiche. Ikibakia inje mikono itaikula. Kila Jumapili, siku ya Mungu, tukitoka kanisa, naitoshaka, naangalia, narudisha."

Akaitosha mbele yangu, polepole, akaitandika ku meza. Wakuu! Munara muzima, rangi yote iko, mbingu bluu, hakuna doa!

Mudomo wangu ukaniponyoka: "Picha safi kabisa! Ata mutu moya haiko ndani!"

Siye wenye kukusanya, ile njo sifa ya kwanza. Batu ya kupita-pita mbele ya jengo tunasemaka banaharibu picha.

Mama mukubwa akasema pole: "Njo bubaya yake, Kahindo. Miaka yote naangalia hapa chini, ku miguu ya munara. Nasema pengine leo nitaona mutu. Hakuna."

Nikamupatia album yangu, juu sikukuwa na kitu ingine ya kumupa.

Kanisa kubwa, akapita. Poste, akapita. Kila picha alikuwa anaisogeza karibu na macho, na nikaelewa: majengo haangalie, anatafuta batu. Na mu album yangu batu ni haba kabisa, juu miye mwenyewe nilikuwa nakatala picha zenye kuwa nabo.

Nyuma kabisa kulikuwa carte moya ya gare, rangi imeisha, yenye nilichunga tu ya kubadilisha. Mbele ya gare batu banavuka barabara. Kijana moya ametupatia mugongo, sac iko ku bega.

Akaweka kidole pale.

"Anatembea kama yeye."

"Mama mukubwa, carte hii ni ya zamani. Kasereka hakukuwa bado kuzaliwa."

"Najua. Siko kichaa. Lakini siku alienda, mugongo njo nilionaka ya mwisho."

Kisha akanisukumia ule munara. "Kamata yako. Miye unipatie huyu."

Nilikatala. Nikamwambia abakie na zote mbili. Akakatala na yeye. Akafunika Biblia na karatasi ya sac ya sima, ile ya kujengea, carte akaiingiza ndani, akaniambia "wasingya", ile aksanti yetu ya Kinande, kama vile miye njo nilitoa kitu ya maana. Nilijisikia vibaya mpaka Butembo.

Munara iko kwangu sasa. Benzangu ya kukusanya banausifu sana. Miye nikiuangalia, macho inaenda yenyewe chini, ku miguu yake.

Nilijifunza kitu moya tu: tulikosea kusema batu banaharibu picha. Kuna mwenye hana haja na jengo, iko anatafuta mutu wake.

Semeni yenu, wakuu, hata kama ni ya kunigombeza. Na mwenye iko na carte ya zamani ya Kinshasa, ata ya bovu, ata imepasuka, yenye sura ya batu inaonekana, anijulishe humu. Juzi mama mukubwa alinipigia simu. Anauliza kama hakuna ingine, ya palepale ku gare, yenye ule kijana amegeuka.