Waya Wenye Kona Nne

Nakumbuka alasiri moja ya Desemba, mwanangu, wewe ukiwa bado tumboni unanipiga mateke. Baba yako alikuwa amelala sakafuni, hapumui, na mimi nimepiga magoti kando yake natafuta ukurasa.

Nitakueleza yote, ila univumilie. Sijafika umri wa kutoa nasaha. Mwenye nasaha hasa katika nyumba hii ni Shangazi Nyamizi, aliyemlea baba yako. Lakini radi haingoji mtu aote mvi. Tena naandika huku nikiinuka kila baada ya sentensi mbili kuchungulia wingu lililojikusanya upande wa Igunga. Ndivyo nilivyoumbwa. Kikombe kikikaa upande kidogo tu, silali mpaka nikigeuze.

Nyumba yetu hapa Puge iko mbali na nguzo za umeme. Tuna paa la bati, paneli moja ya sola, betri na taa tatu. Mwaka ule, mvua zilipoanza, radi iliua ng'ombe wanne wa jirani waliokuwa wamejikinga chini ya mkwaju mmoja. Watu wakaanza kunong'ona ni nani aliyeituma. Mimi nikaanza kusoma. Sikusomea umeme popote. Nilijifunza kwenye simu, nikinakili kila kitu katika daftari. Nikanunua fimbo ya shaba ya kusimamisha juu ya paa iidake radi, waya mnene wa kuishusha na vibanio, nikagongelea vyuma ardhini. Kisha nikaushusha waya ukutani kwa pima maji. Ulikunja kona juu ya dirisha, ukashuka, ukakunja tena kulikwepa, kona nne zote nyoofu kama pembe za meza. Wapita njia walisimama kuusifu. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa natoka nje kuutazama kama mtu anavyoitazama kanga mpya.

Shangazi akatokea majarubani, matope hadi magotini, jembe begani. Hakusifu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Huyu mgeni wako wa juu umemwekea kona ngapi?"

"Nne."

"Na akiwa hana subira?"

Nikacheka. Yeye akashusha jembe. "Mke wa Masanja, nimeongoza maji ya mpunga tangu sijavunja ungo. Maji yenye kasi ukiyawekea kona kali hayakunji. Yanabomoa tuta yanapita yanakotaka. Mlainishie njia."

"Umeme si maji, Shangazi. Haya mambo nimeyasoma."

"Haya, fundi wa simu. Mimi nanawa miguu."

Sasa nikuungamie jambo ambalo hata baba yako nilimficha muda mrefu. Katika daftari lilelile, kwa mkono wangu mwenyewe, nilikuwa nimeandika kwamba waya wa radi usikunjwe kona kali, upindwe kwa upole. Nilikuwa nimelisoma. Niliona tu kwamba mviringo utauharibu ukuta wangu. Wazee husema elimu bila amali ni kama nta bila asali, na mimi nilikuwa na nta inayong'aa. Tena baba yako aliniomba mara mbili nimsomee daftari, ajue la kufanya tukipatwa na dharura. Nikamwambia bado, ngoja kwanza ninakili upya kwa mwandiko mzuri. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Langu liliuma likiwa na wewe ndani.

Alasiri ile mvua ilitukuta tukipukuchua mahindi sebuleni, pamoja na Shangazi na jirani yetu Mama Shija. Ngurumo zilikuwa zimeshaanza baba yako alipokumbuka simu iko kwenye chaji. Akaenda dirishani kuichomoa. Nyumba ikawa nyeupe. Sikusikia mlio, niliusikia kifuani. Radi ilikuwa imeishika fimbo vizuri kabisa, ikateremka na waya mpaka kona ya pili, kando ya dirisha. Pale ikaruka. Plasta ilipasuka, na baba yako akaanguka.

"Usimguse!" Mama Shija alipiga kelele. "Aliyepigwa na radi haguswi mpaka aje mwenye dawa yake! Utamfuata, na mimba hiyo!"

Nilijua si kweli. Nilikuwa nimeandika: mwili wa aliyepigwa haubaki na umeme, mguse, msaidie upesi. Ila sikuwa na uhakika wa hesabu. Nibonyeze kifua mara ngapi kabla ya kumpulizia pumzi? Kumi na tano? Thelathini? Nikalikimbilia daftari, kurasa zinashikana.

Shangazi akanipokonya daftari akalitupa mlangoni, kwenye maji.

"Daftari halipumui! Unajua au hujui?"

"Najua, lakini nikikosea..."

"Kosea, tuone! Asiyepumua utamkosea nini zaidi?" Akapiga magoti upande wa pili. "Nimemlea mimi. Kama ni kumfuata, tutafuatana."

Nikabonyeza. Katikati ya kifua, kwa nguvu, kwa haraka. Hesabu ilinipotea nikaanza upya, ikapotea tena. Nilipochoka, Shangazi alipokea kwa mikono yake ya jembe. Sijui ilichukua muda gani. Najua tu kwamba baba yako alikohoa, na Shangazi akaketi chini akaanza kunitukana kwa Kinyamwezi huku analia.

Kazi haikuishia hapo. Namba ya dereva wa gari la kukodi ilikuwa ndani ya simu, na simu imeungua. Ilikuwa pia katika daftari, na wino umeshakuwa uji. Aliyetuokoa ni Mama Shija, yuleyule. Alitoka na mvua hadi barabara kuu, akasimama katikati akipunga kanga mpaka lori likasimama. Njiani kwenda hospitali Shangazi aliniambia neno moja tu. "Njia hii walipita babu zetu wapagazi, na pembe za ndovu mabegani. Mzigo walifunga nyumbani. Haufungwi njiani."

Mwanangu, ndiyo maana ukimwita baba yako unakaa upande wake wa kulia. Sikio la kushoto halisikii tangu Desemba ile.

Basi nasaha yangu ni hii. Mwenye kukuonya akiwa na matope miguuni, msikilize kabla hujamwambia umesoma wapi. Kinga ya nyumba mwite fundi aliyesomea aitazame. Wetu alizicheka kona zangu, akaupindisha waya kwa upole, akaiunganisha pia fremu ya paneli na vile vyuma vya ardhini. Hata hivyo usiiamini kupita kiasi. Kichomoe kila kitu wingu likiwa bado mbali, na ngurumo ikisikika kaa mbali na ukuta, dirisha na waya, wala usikimbilie mti. Akianguka mtu, mguse. Unachokijua wafundishe wenzako leo, hata kwa mwandiko mbaya. Namba zetu za dharura sasa zimeandikwa kwa mkaa nyuma ya mlango, zimepinda. Chini yake unaning'inia mfuko wenye tochi, kitambaa cha kufungia jeraha na simu ndogo yenye chaji. Na kila mvua zikikaribia tunafanya zoezi la kubonyeza kifua juu ya gunia la mpunga, Mama Shija akiwa wa kwanza, tena anajisifu.

Mungu akupe mikono isiyoogopa kukosea inapookoa. Akupe sikio la kusikia wakubwa na masikio mawili mazima ya kusikilizia ngurumo. Uishi uzeeke, mvi zikutoke kichwa kizima, nami nizione.

Wingu limefika. Nilitaka kuisoma upya barua hii nisahihishe. Naiacha hivihivi, naenda kuchomoa.